Mhakiki wenu wa Supa Modo aje aitazame na sisi huku Luanda

Kwako Mhariri,

Pokea salamu kutoka Luanda, hapa Vihiga, barabara ya Kisumu kwenda Busia. Ukurasa wenu wa burudani nimeusoma miaka mingi na sijawahi kuandika, lakini ile makala ya mhakiki wenu kuhusu komedi zetu za mashambani imenikaa moyoni tangu niisome, na leo soko limepoa ndio nimepata nafasi. Barua ni ndefu, naomba msiikate sana.

Huyo mhakiki alichukua Supa Modo, ile filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, akaifanya mfano wa kila kitu chenye yeye hapendi kwa filamu za aina hii. Alisema haijui kama inataka tucheke ama tulie. Alisema watu wa kile kijiji ni vituko vitupu, hakuna mtu wa kawaida hata mmoja. Halafu akamalizia ati sifa zote ilizopata huko nje ni kwa sababu wazungu wanapenda kuona mtoto maskini wa Afrika akiwa mgonjwa. Yote matatu mimi nayakataa, lakini hilo la kwanza ndilo limeniuma kabisa kwa hivyo acha nianze nalo.

Kwa wenye hawajaiona, stori ni hivi. Kuna msichana wa miaka tisa anaitwa Jo, ni mgonjwa na hatapona, madaktari washafika mwisho, anatolewa hospitali anarudishwa nyumbani kijiji cha Maweni akae na mamake na dadake Mwix siku zenye zimebaki. Kitu yenye inampea raha ni filamu za masupahiro, analala anaota yeye ni supahiro. Mama anataka mtoto akae ndani apumzike asiumie, Mwix naye anaona mtoto akifungiwa hivyo atakuwa ashakufa kabla ya siku yake. Basi Mwix anaenda kwa watu wa kijiji, akiwemo Mike yule wa kuonyesha vidio, na kijiji kizima kinakubali kuigiza ndio Jo aamini kweli ana nguvu. Ni dakika 74 tu, mwisho wake siusemi hapa. Jo ameigizwa na Stycie Waweru, mama ni Marrianne Nungo, Mwix ni Nyawara Ndambia, na kama mhakiki alikuwa na nafasi ya kutaja rangi ya mapazia ya ukumbi wenye aliionea basi alikuwa na nafasi ya kutaja hao watatu, hakuwataja.

Sasa ati haijui kama inataka tucheke ama tulie.

Mhariri, mimi nilikuwa na kibanda cha vidio hapa Luanda kabla simu za watu kumaliza hiyo biashara. Mabati, mabenchi, televisheni moja, jenereta ya wakati stima imepotea, na sidi za DJ Afro, kwa sababu bila DJ Afro kutafsiri na kuongeza chumvi yake watu walikuwa wanadai pesa zao. Nimeketi nyuma ya watu nikiangalia venye wanaangalia filamu, mpaka leo nikiona filamu yoyote naangalia watu kwanza halafu skrini. Kwa hivyo hii yenye nawaambia sikuisoma mahali.

Supa Modo ilipoonyeshwa ukumbi wa kanisa hapa kwetu, watu walikuja wengi, watoto mbele chini kwa mkeka, akina mama wa kuuza omena, wale samaki wadogo, wakiwa wametoka sokoni na beseni zao, vijana wa boda wamesimama mlangoni wakisikiliza pikipiki zao kwa sikio moja. Zile sini za kijiji kikijifanya Jo ana nguvu, ukumbi uliangua kicheko, watoto wanapiga mkeka kwa mikono. Karibu yangu kulikuwa na mama mmoja, anacheka na kanga imeziba mdomo, bega lake linatingika. Halafu kwa skrini uso wa yule mama wa Jo ukaonyeshwa tu kidogo, hakusema kitu, anaangalia mtoto wake akifurahi. Huyu jirani yangu bado alikuwa anacheka na machozi yakaanza kushuka kwa hicho kicheko, hakubadilisha, hakukaa tofauti, aliendelea tu na yote mawili. Hakuna mtu kwa ule ukumbi aliuliza anatakiwa kufanya gani.

Na ilipoisha ndio mambo yalianza. Watu hawakutoka. Mzee mmoja akasema yeye hawezi kukubali mtoto adanganywe, mtoto mgonjwa anafaa kuambiwa ukweli aombewe. Mama wa omena akamrukia, akamwambia wewe hujawahi kukaa na mgonjwa usiku, ukweli anaujua kuliko wewe, yeye ndiye anausikia ndani ya mifupa. Kijana wa boda akauliza kwani Jo aliamini ama alikuwa anawaigizia wao, hapo ukumbi ukagawanyika, wengine wanasema mtoto alijua kitambo, wengine wanasema aliamini mpaka mahali fulani. Walibishana mpaka mlinzi wa kanisa akaanza kuzima taa moja moja. Hayo mabishano, nani anamdanganya nani na kwa faida ya nani, ndiyo moyo wa hiyo filamu, na kwa makala nzima ya mhakiki wenu hayakuguswa hata kwa sentensi moja. Yeye alikuwa anatafuta rafu ya kuiweka, komedi ama drama, ilipokosa kutoshea akasema kosa ni la filamu.

Huku kwetu hiyo rafu haipo. Majirani zetu Waisukha na Waidakho wako na isukuti, ngoma yenye UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya tamaduni zinazohitaji kulindwa haraka, na kila mtu wa huku anajua ngoma ni hiyo hiyo, inapigwa mtoto akizaliwa, inapigwa kwa harusi, inapigwa matanga. Hakuna isukuti ya kulia na isukuti ya kucheka. Nenda matanga yoyote hapa Bunyore, emsii atawachekesha watu na stori za marehemu, venye alikuwa mkali kwa deni, venye alikuwa anakula kuku mguu wa kwanza kabla ya wageni, na mjane anacheka, halafu jeneza likiinuliwa kilio kinapasua anga. Hao watu hawajachanganyikiwa, Mhariri. Hivyo ndivyo mtu anabeba kitu kizito. Ile filamu imetengenezwa na watu wenye wamekaa matanga, inaonekana.

Na hii ya mtoto kurudishwa nyumbani mnaichukulia kuwa kitu cha sinema lakini kwetu si ya sinema. Hakuna boma hapa lenye halijakuwa kwa grupu ya WhatsApp ya kuchangia bili ya hospitali, halafu siku moja ujumbe unabadilika, hamuombwi tena ya dawa, mnaambiwa mgonjwa ameruhusiwa amerudi nyumbani, na kila mtu anaelewa. Wengine wanatoka hospitali ya Russia pale Kisumu, wengine Eldoret, wanaletwa na gari ya kukodi, wanawekwa chumba cha mbele mahali wageni wanakaa. Na siku hizo kitu chenye kinakuja kwa huyo mgonjwa mara nyingi ni vichekesho, watu wanakuja kumchekesha, shangazi anacheza, mtoto wa jirani analetwa aimbe wimbo wake wa shule. Kwa hivyo nikiona kijiji kizima kimeungana kuigiza kwa ajili ya msichana mmoja siwezi kusema ni fantasia, kwangu ile ni ripoti ya kile nimeona, wameiongezea tu joho la supahiro. Mtu akiandika ati filamu ni nyepesi namuuliza alikuwa ameketi wapi.

Nakuja kwa hilo la vituko. Ati watu wa Maweni wamepitilizwa, hakuna mtu anakaa hivyo. Mimi nimekulia mji mdogo, watu wanakaa hivyo. Mji mdogo unampa mtu nafasi ya kuwa vile alivyo kwa sababu kila mtu anamjua tangu utotoni, hakuna wa kumficha. Hapa tuko na fundi wa redio anaongea na redio akizitengeneza na hakuna mtu anashangaa. Na sisi Wakenya tumelelewa na hiyo komedi, Vitimbi tuliiona kwa televisheni miaka na miaka, Mzee Ojwang na Mama Kayai, na marehemu Benson Wanjau aliyekuwa Ojwang alikuwa Mkikuyu akiigiza Mjaluo na Kisumu ilimpenda kama mtoto wake, alipofariki 2015 huku watu walihuzunika kabisa. Papa Shirandula vile vile, marehemu Charles Bukeko alitufanya tumuone yule soja wa geti kama mtu mwenye nyumba, mke, uongo wake na aibu yake.

Lakini hapa lazima niseme kitu chenye mhakiki angekisema kama angekuwa makini. Kuna vituko na vituko. Sisi watu wa magharibi tumechoka na komedi yenye kichekesho chake chote ni lafudhi yetu, mtu anasema neno na ulimi mzito, anataja ugali na kuku, ukumbi unacheka, imeisha. Hiyo ni rahisi, na wahakiki wanaipitisha kila wiki bila kuuliza swali. Ndio maana mimi naheshimu Supa Modo, hakuna mtu anachekwa kwa sababu ya kabila ama umaskini ama kuwa mshamba. Kicheko kinatoka kwa watu wazima, wenye heshima zao, wanakubali kuonekana wajinga mbele ya kila mtu kwa sababu wanampenda mtoto. Hiyo ni tofauti kubwa, na nilitarajia mtu anayelipwa kuangalia filamu ndiye angetuonyesha.

Mambo ya wahakiki kuangukia komedi ya mji mdogo si ya Kenya peke yake na sitaki ionekane namshambulia kijana wa watu bure. Kuna ile filamu ya Marekani, Napoleon Dynamite, ya 2004, Jared Hess aliipigia Preston, mji mdogo wa Idaho, bajeti ilikuwa dola 400,000 ambayo huko ni pesa kidogo sana. Ni kijana wa shule ya upili, mrefu, mdomo wazi, hana marafiki wengi, rafiki yake mkubwa ni Pedro anayegombea uongozi wa wanafunzi, na mwishoni huyu Napoleon anapanda jukwaani mbele ya shule nzima anacheza densi peke yake ndio Pedro apate kura. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago aliyekuwa anaheshimika kuliko wote pengine, aliipa nyota moja na nusu kati ya nne. Hakupata cha kucheka. Na hiyo filamu ikaingiza dola milioni 46 hivi, na mji wa Preston ukawa unafanya tamasha la hiyo filamu na wageni wanakuja.

Halafu kuna hii yenye inanifurahisha kila nikiikumbuka. Netflix walitangaza shindano 2006, dola milioni moja kwa mtu yeyote atakayetengeneza programu ya kutabiri mtu atapenda filamu gani, iwashinde wao kwa asilimia 10. Wataalamu wa hesabu dunia nzima wakaingia, na ilichukua mpaka 2009 mtu kushinda. Na kwa hizo filamu zote ile iliyowasumbua sana ilikuwa Napoleon Dynamite, mshindani mmoja alisema hiyo filamu moja peke yake ilibeba asilimia 15 ya makosa yenye yalikuwa yamembakia. Kwa sababu watu waliipatia nyota tano ama nyota moja, katikati karibu hakuna, na huwezi kujua ni nani atasema gani kwa kuangalia vitu vingine alivyopenda. Sasa kama kompyuta na wataalamu walishindwa kujua nani atacheka, mhakiki mmoja ametoa wapi uhakika wa kuandika ati watazamaji hawatajua wacheke ama walie? Aandike yeye hakucheka. Hiyo nitaiheshimu. Asituandikie sisi.

Na huyo huyo Ebert, msije mkasema alichukia mashamba, aliipa nyota nne zote Local Hero, filamu ya Bill Forsyth ya 1983 ya kijiji cha Scotland. Kampuni ya mafuta ya Houston inamtuma mtu wake akanunue kijiji kizima, fuo na nyumba na kila kitu, jamaa anafika akifikiri watu watalia watampinga, kumbe wanakijiji wanataka kuuza jana, wanajificha tu wasionekane wana haraka bei isishuke. Isipokuwa mzee mmoja anayekaa ufuoni, yeye hauzi. Kuna kibanda chekundu cha simu pale kijijini ndicho jamaa anapigia bosi wake Houston, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda Pennan, kijiji chenye filamu ilipigiwa, wakapige picha na kibanda cha simu. Hiyo nayo huwezi kusema ni komedi ama ni huzuni, unacheka njia yote halafu inakuacha na kitu kifuani.

Nimeitaja kwa sababu nikiitazama nafikiria Ikolomani ya Kakamega tu. Dhahabu ya Kakamega watu walianza kuikimbilia miaka ya 1930, leo tena kuna mazungumzo ya kampuni kubwa, watu wengine wanataka kulipwa wahame hata kesho, wengine wanasema makaburi ya wazazi wao hayahami, na ndani ya boma moja utapata ndugu wawili hawasalimiani kwa hiyo stori. Kuna machungu pale, na kuna vichekesho vingi pia, uliza mtu yeyote wa Shinyalu ama Ikolomani atakupea mpaka usiku. Siku kijana wa huku atatengeneza hiyo filamu, na najua kuna vijana wanaweza, nitaumia sana ikipokelewa na makala kama ile yenu ikiambiwa ichague upande.

Sasa hilo la wazungu. Hapa nitaenda polepole kwa sababu kuna kitu ndani yake. Ni kweli Supa Modo ilitoka kwa mradi wa filamu wa One Fine Day, ule mwongozaji Tom Tykwer wa Ujerumani na mke wake walianzisha, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi, na ni ule mradi ulitupatia filamu ya Nairobi Half Life pia. Pesa ikitoka nje mtu ana haki ya kuuliza filamu inatengenezewa nani. Swali zuri kabisa. Lakini swali si jibu, ukishauliza lazima uingie kwa filamu uonyeshe ni wapi ilipinda kumfurahisha Mjerumani, ni sini gani, ni neno gani, na mhakiki hakuonyesha hata pahali pamoja. Waandishi wake ni Wakenya, akina Mugambi Nthiga na Wanjeri Gakuru na wenzao, waigizaji ni Wakenya, na utani wake mwingi mtu wa Berlin hawezi kuushika bila kuelezewa. Yule Mike wa vidio, sisi tulimjua kabla hajafungua mdomo.

Alafu Berlin yenyewe. Ilionyeshwa kwa tamasha la filamu la huko Februari 2018 kwenye sehemu ya filamu za watoto na vijana, na walioitaja kwa heshima ni jopo la watoto. Watoto, Mhariri! Jerumani walichukua watoto wakawaweka waamue, na watoto wakaona hii ya Jo. Hapa kwetu ni gazeti gani lilimuuliza mtoto hata mmoja anafikiria nini kuhusu filamu yenye shujaa wake ni mtoto? Pale kanisani kwetu watoto walitoka wakikimbia na leso zimefungwa shingoni, kuna kamoja nilikauliza Jo alikuwa na nguvu ama hakuwa nazo, kakaniambia alikuwa nazo kwa sababu alifanya watu wote wakuje. Mimi sijasoma riviu ya Supa Modo iliyoshinda hiyo.

Na kuna mwaka huo huo wa 2018 ile sarakasi ya Oscar. Filamu ya Wanuri Kahiu inayoitwa Rafiki ilikuwa imepigwa marufuku na bodi ya filamu, mahakama ikafungua kwa siku saba mwezi wa Septemba, watu wakajaa, halafu kamati ya Kenya ikapeleka Supa Modo. Kila mtu akawa anaongea kuhusu nani alifaa kwenda na nani alionewa, na kwa zile nilizosoma mimi Supa Modo ilitajwa tu kama ile yenye ilichukua nafasi ya nyingine. Hakuna aliyeketi akaiangalia vile ilivyo. Hizo filamu mbili zote zilistahili kuandikwa kwa upana na moja ilizimwa na makelele ya nyingine, na makelele yenyewe haikuwa makosa ya Rafiki pia. Nafikiri mhakiki wenu bado anaisoma Supa Modo kupitia hayo makelele, ndio maana anahesabu tuzo na kutafuta sababu ya tuzo badala ya kutuambia kilichoko kwa skrini.

Sasa ombi langu, na ni ombi la dhati.

Muwe na watu wa kuandika riviu kutoka huku. Nakuru kuko na vijana wa maigizo wakali, Kisumu kuko, Kakamega na Bungoma kuko na walimu wa fasihi wanaofundisha watoto kuchambua tamthilia kila siku, kwa nini hawawezi kuchambua filamu kwa gazeti la Kiswahili? Wapeni nafasi na muwalipe hata kama ni kidogo, msiwaambie ni ya kujulisha jina. Na riviu iwe inasema ilitazamwa wapi na nani, peke yako kwa laptopu na hedifoni ama ukumbini na watu mia, kwa sababu komedi ya aina hii ukiitazama peke yako usiku umeona nusu. Ile nusu nyingine inatengenezwa na watu wenye wako kwa benchi. Najua kumbi nyingi za sinema za miji yetu zilifungwa zikageuzwa makanisa na maduka, lakini hayo makanisa yako na projekta siku hizi, na shule ziko na holi, na watu wako.

Kwa huyo mhakiki mwenyewe sina ubaya naye, anaandika Kiswahili kizuri na nimemsoma kwa mambo ya muziki nikakubaliana naye mara nyingi. Namkaribisha hapa. Likizo ijayo ya shule kuna mpango wa kuionyesha tena kanisani, tarehe nitawajulisha kupitia kwenu. Apande gari ya usiku ya Busia, ashuke Luanda stendi asubuhi, chai na mandazi iko, mchana alale apumzike, jioni tutamwekea kiti upande wa ukutani mahali anaona skrini na pia anaona nyuso za watu. Akitoka aandike. Hata akiwa bado ameikataa aandike tu, mradi atwambie ni sini gani watu walicheka, ni gani walinyamaza, na yule mzee na mama wa omena wakianza tena kubishana yeye mwenyewe alikuwa upande wa nani.

Ni mimi msomaji wenu,
Luanda, Kaunti ya Vihiga